Uji Uliodhaniwa Sumu: Maisha ya Maman Rosalie Nabintu

Ndugu na majirani, mimi Firmin, mudogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, pamoja na jambo ambalo tangu jana munalinong'ona nyuma ya hema.

Maman Rosalie Nabintu alizaliwa Katana tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya primaire kwa masista hapo hapo, akateremuka Bukavu mwaka 1979, akauza vitenge soko ya Kadutu mpaka ugonjwa ukamuzuia. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na Papa Ezéchiel, aliyetutangulia mwaka 2011, Mungu akawajalia Lucie, Héritier na Déborah.

Februari 2021 alipasuliwa sababu ya vidonda vya tumbo, sehemu ya tumbo ikakatwa. Nyumbani, mukwe wake Joviale, bibi aliyeolewa na Héritier, alimupikia uji wa sukari mingi apate nguvu, lakini kila alipomaliza kikombe jasho ilimutoka, moyo ukapiga mbio, tumbo ikamuendesha, akalala chini akitetemeka. Alisema: "Héritier, bibi yako ananiua pole pole." Kwetu neno karuho halihitaji kuelezwa, sumu ya kuwekewa na mutu wa karibu, tukaamini, Joviale akafukuzwa jikoni, Maman akahamia Kavumu kwa dada yetu Consolate. Kule akapewa chai ya sukari na mandazi, akaanguka vile vile, na sasa Consolate naye akaangaliwa vibaya.

Ndipo daktari akatuita. "Hakuna sumu. Tumbo iliyokatwa haishikilii chakula, sukari inateremuka kwa utumbo mara moja, mwili unashituka." Akaamuru ale kidogo kidogo mara nyingi, mayai, maharagi, samaki wadogo wa sambaza, sukari aiache, maji anywe mbali na chakula, na akisha kula alale kidogo. Maman hakumwamini, lakini akarudi nyumbani, akamuita Joviale: "Pika vile alisema, lakini onja wewe kwanza." Joviale akaonja, miezi mingi, bila kununa, na Maman hakuanguka tena, mpaka siku moja akamwambia: "Acha, binti yangu, leta sahani."

Tarehe 3 Novemba 2024 tension ya damu ilimupanda, upande mumoja ukapooza, tarehe 5 akafariki hospitali, na daktari alitueleza kwamba sababu ni hiyo tension, si sumu. Lakini ninaona sahani za Joviale zinarudi jikoni zikijaa, na wengine wamekuja na chakula yao kwa mifuko. Mujue basi kwamba siku zile za mwisho Maman alifunga mudomo mbele ya kijiko cha kila mutu, hata changu, akaufungua kwa Joviale peke yake.

Tunashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliobeba machela, wamama wa vitenge waliofunga meza zao, na Joviale.

Dada, pumzika kwa amani.