Magunia Sitini na Mawili ya Burungu: Maisha ya Zéphyrin Hangi

Bwana Yesu asifiwe. Baba Mchungaji, Mama Bénédicte mjane, watoto, jamaa kutoka Masisi na Walikale, na ninyi ndugu wa Burungu mliokuja kwa miguu, mimi ni Sylvain, mdogo wa marehemu, na ni mimi ambaye familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba sikustahili kutumwa.

Kaka yetu Zéphyrin Hangi alizaliwa Kingi tarehe 14 Machi 1974, mzaliwa wa kwanza wa Papa Léopold na Mama Agathe, wote wawili wakulima wa maharagi na mihogo, wote wawili wametangulia mbele ya Mungu. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1975. Alisoma shule ya msingi hapa Kingi tangu 1981 hadi 1987, akaendelea na sekondari Masisi kati, upande wa biashara, vita vya 1993 vikamkatisha miaka miwili mizima, lakini alirudi darasani akiwa na ndevu, akapata diploma ya serikali mwaka 1996.

Katika nyumba ya Papa Léopold kulikuwa na desturi moja ambayo ninaomba muikumbuke, kwa maana itarudi. Mdogo hakuhesabu kitu kilicholetwa na mkubwa wake. Kaka alipotoka sokoni na chumvi, sabuni ao samaki wakavu, ulipokea kwa mikono miwili na kushukuru, na kama ulithubutu kufungua mfuko mbele yake Papa alikuuliza, "Unapima mukono wa mukubwa yako?", nawe ulikosa chakula siku ile.

Mwaka 1998 kaka alianza kazi ya kulinda depo ya dawa na chumvi hapa Masisi. Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa takatifu na dada Bénédicte, binti wa Walikale, wa watu wa msituni, na Mungu akawapa watoto watatu, Aurélie mwaka 2002, Guy mwaka 2005 na Gentille mwaka 2010.

Mwaka 2009 alitumwa Goma kwa mafunzo ya wiki tatu, juu ya namna ya kuongoza mradi na kufikisha vitu kwa wenye kuvihitaji, na alirudi mtu mwingine. Alibandika ukutani karatasi kubwa ya kaki, akachora nyumba tano zilizofuatana, ya kwanza mahitaji, ya pili ununuzi, ya tatu njia, ya nne depo, ya tano mikono ya mkulima, kisha akachora mshale mrefu unaorudi kutoka nyumba ya mwisho hadi ya kwanza, akatuambia kwamba ule mshale ndio kazi yenyewe, kwa maana mzigo haujafika mpaka karatasi ya aliyeupokea irudi kwa aliyeutuma, nayo iseme kweli. Hata jikoni alipigilia fishi, yaani karatasi ya kuandika kinachoingia na kinachotoka, ya chumvi na ya mafuta, mpaka Mama Bénédicte akamuuliza mbele ya wageni, "Papa Aurélie, chumvi iko na fishi, mafuta iko na fishi, na mimi fishi yangu iko wapi?" Alicheka mpaka akatoa machozi, na tangu siku ile tulimwita Papa Fishi.

Mwaka 2011 aliajiriwa na mradi mmoja wa mbegu, akiwa mkuu wa usafirishaji wa Masisi na Walikale, na mwaka 2017 alinipa mimi kazi ya kulinda depo ya Burungu, si kwa sababu nilijua, bali kwa sababu nilikuwa mdogo wake na sikuwa na kazi. Alinifundisha kwa siku nne. Alinionyesha kwamba gunia lisiguse udongo, likae juu ya mbao, kwamba lililoingia kwanza litoke kwanza, na kwamba kabla ya kuweka saini nihesabu yote, nifungue moja katika kila kumi, niingize mkono mpaka kiwiko nisikie kama ndani kuna unyevu. Alinifundisha pia kupanga siku kwa kurudi nyuma, mtu aanze na siku ambayo mama anapanda, ashuke mpaka siku ya kugawa, siku ya depo, siku ya njia, siku ya kununua, na katikati aache siku za matope, kwa maana, alisema, Mungu ametupa mvua na sisi tusijifanye hatuijui.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine asome.

Tarehe 6 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, lori la mbegu lilifika Burungu, magunia sitini na mawili ya maharagi, nalo lilikuwa limekwama njiani siku mbili chini ya mvua, na kaka mwenyewe alilisindikiza, akashuka na matope mpaka magotini. Alipokwenda kunawa miguu, mimi nilishika ile karatasi ya kupokea, na sikuhesabu, na sikufungua gunia hata moja, kwa sababu ulikuwa mkono wa mkubwa wangu, nami niliona haya kuupima mbele ya wapakuzi. Pale penye idadi niliandika sitini na mbili, penye hali niliandika nzuri, nikaweka saini. Akarudi, akaniuliza, "Sylvain, ulihesabu? Ulifungua?", nikamjibu, "Ndiyo, kaka, yote iko muzuri." Hiyo haikuwa heshima tena, huo ulikuwa uongo. Na zile mbao za kuwekea magunia, nilikuwa nimeziazimisha kwa arusi ya jirani ziwe viti, nazo zilikuwa hazijarudi bado, basi baada ya yeye kuondoka niliyalaza magunia juu ya udongo.

Magunia yaliyokuwa chini kabisa ndani ya lori yalikuwa na maji. Yalioza taratibu, yakaambukiza mengine. Na ugawaji ulipangwa tarehe 17, ndugu zangu, kaka alikuwa ametuwekea siku kumi na moja katikati, kwa ajili ya matope na kwa ajili ya makosa yetu, siku za kuanika mbegu juu ya mikeka ao kuomba nyingine kutoka Masisi. Siku zote kumi na moja nilipita mbele ya mlango wa depo nikiimba.

Mbegu mliipanda, wala haikuota. Mwezi wa Novemba Papa Jean-Claude, mkubwa wa mradi, alikuja Burungu kuuliza, tukakusanyika uwanjani, nami nilisimama nyuma nikijua kwamba ile karatasi yenye saini yangu, iliyokuwa mkononi mwa kaka, ilinishtaki. Kaka aliitazama, akanitazama mimi mara moja tu, akaikunja, akaitia mfukoni na kusema mbele ya wote, "Lori ilikuwa yangu, mvua ilinyesha juu ya lori yangu, andikeni jina langu." Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Sikufungua kinywa. Mama Godelieve, ambaye leo amekaa pale mbele na ambaye simlaumu, kwa maana watoto wake walilala njaa msimu ule, alimwambia, "Papa Fishi, maharagi yako ilienda kuota wapi, ao iko inangoja saini?" Watu walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Kaka aliachishwa kazi tarehe 31 Desemba 2018. Mimi nilibaki deponi miaka miwili zaidi. Guy alipigana shuleni kwa sababu ya jina la baba yake, na kila mara nilimwambia avumilie.

Mwaka 2019 familia ilihamia Walikale kwa ukoo wa Mama Bénédicte, na kaka alipata kazi Omate, kulinda depo ya sululu na taa ya chama cha wachimbaji, ambako nasikia alichora tena zile nyumba tano kwa makaa juu ya mbao. Huko alianza kukohoa Juni 2021, akafikishwa hospitali Januari mwaka huu. Nilimkuta tarehe 8 Februari, akaniuliza habari za mvua, na hakuniuliza lingine. Alituacha Ijumaa, tarehe 11 Februari 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na saba.

Jana mchana Mama Bénédicte alinipa bahasha ya plastiki ya kaka nitafute kadi ya ubatizo, ili niandike tarehe hizi. Ndani ya kadi kulikuwa na ile karatasi ya Burungu. Penye maoni hakuandika neno juu yangu, palikuwa peupe. Mjane aliishika, akaisoma, akaniuliza, "Shemeji, hii saini njo yako?", nikasema ndiyo. Akanirudishia karatasi, akasema, "Basi kesho utasoma nini mbele ya watu?"

Nimesoma hayo. Ndugu wa Burungu, aliyewanyima mavuno ni mimi, si yeye. Mama Bénédicte, Aurélie, Guy, Gentille, siombi mnisamehe leo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Walikale waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Omate waliombeba kwa machela mpaka barabarani, wenzake wa kazi wa zamani na wa sasa, waimbaji, na wote waliopika na kuchimba kaburi.

Asubuhi hii nimeandika pale peupe, kwa mkono wangu, idadi sikuhesabu, hali sikuangalia, nikaweka saini mara ya pili, na ninamkabidhi Guy karatasi hii mbele yenu, amwonyeshe yeyote atakayelitaja vibaya jina la baba yake.

Kaka, nimepima mkono wako mbele ya watu, na haukupungukiwa kitu. Karatasi imerudi. Lala sasa, upumzike katika amani ya Bwana.