Twalibu Mirindi: Fundi wa Kutoboa Aliyepewa Lango

Jumatano tarehe 30 Juni 2004, Twalibu Mirindi alistaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya chuma kwa miaka ishirini na minane. Katika programu ya sherehe, iliyopigwa chapa na uongozi, aliandikwa "mlinzi wa lango". Mimi, Jovithe wa kuchomelea, nimeombwa na chama chetu cha wafanyakazi niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili, na naanza kwa kusema kwamba maneno hayo matatu yameniudhi sana. Twalibu hakuja hapa kulinda lango. Alikuja kutoboa chuma, na tangu nianze kazi sijaona mtu anayekitoboa vizuri kama yeye.

Alikuja kutoka mtaa wa Buyenzi mwaka 1976, kijana mwembamba mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko baiskeli yake. Alianza kwa kufagia vumbi la chuma, akaingia kwenye keekee ya kusimama, na mwaka 1988, ilipofika mashine ya kutobolea yenye mguu wa sumaku, mwenye karakana alimkabidhi yeye. Wengine tuliitaka pia. Tulinuna wiki nzima, halafu tukamwona akifanya nayo kazi, tukanyamaza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia karakana, nieleze kidogo. Keekee ya kawaida husimama mahali pake, wewe ndiye unayeipelekea chuma. Lakini boriti ya daraja haibebeki kama mkate, na ubavu wa tangi huwezi kuulaza mezani. Mashine hii yenyewe ndiyo inayoifuata kazi. Chini yake ina mguu wa sumaku ya umeme: unaubandika juu ya chuma, unabonyeza swichi, unanasa, na hata wanaume wawili wakivuta hawaung'oi. Inatoboa imesimama, imelala ubavu, hata ikiwa kichwa chini. Ila ina aibu yake moja. Umeme ukikatika, sumaku inageuka chuma kitupu, na mashine nzima inaanguka pale pale.

Ndiyo maana Twalibu hakuiwasha hata siku moja bila mnyororo. Aliuzungusha kwenye boriti, akaupitisha kwenye mpini wa mashine, akauvuta kwa mkono, kisha akaugonga kwa vifundo vya vidole na kusema Bismillahi. Nasi wote tuliokuwa karibu, Wakristo kwa Waislamu, tulitakiwa kujibu: "Imefungwa." Mtu asipojibu, Twalibu hakubonyeza swichi ya kutobolea. Alisimama akimtazama tu, mikono kiunoni, mpaka ajibu. Kuna mteja mmoja, mtu mkubwa mwenye gari kubwa, aliyepita akitazama kazi yake, naye akalazimika kuitikia.

Waliokuja wapya aliwafundisha kwa namna yake. Aliibandika mashine kwenye ubavu wa boriti, akaifunga mnyororo, kisha, wakati mgeni ameikaribia akishangaa, akachomoa waya ukutani. Mashine ilishuka shibiri moja kwa kishindo, ikabaki inaning'inia. Mgeni aliruka nyuma, sisi tukacheka, na Twalibu akasema maneno yale yale ya kila mwaka: "Umeona? Courant, ile umeme, ni mugeni, inakuja na inaenda. Munyororo ndiyo mwenye nyumba."

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Alijisifu mno. Alikuwa na kitambaa chake, kipande cha kanzu kuukuu, cha kufutia chini ya sumaku, na mtu akikigusa ilikuwa kesi. Rangi, kutu au unga wa chuma chini ya ule mguu vilimtia hasira kama mtu aliyekanyagiwa mkeka wa kusalia. Alikuwa na saa nzuri ya mkononi, na kwa kuwa sumaku iliwahi kumharibia ya kwanza, hii ya pili aliitundika kwenye msumari dirishani kila asubuhi. Karakana yote ikawa inakula chakula cha mchana kwa saa ya Twalibu. Saa hiyo ilikuwa inawahi kidogo, na nadhani alijua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo programu ya sherehe imeliruka kama mtu anayeruka mfereji.

Mwaka 1996 sote tunaukumbuka. Vita vilikuwa vimetuzunguka, nguzo za umeme zinaanguka milimani, mji unakaa gizani bila kuagwa. Nchi jirani zikatufungia mipaka, na madukani hapakuwa na kitu: ukitafuta kufuli, hakuna, ukitafuta mnyororo, unachekwa. Lango la karakana, ambalo zamani lilisukumwa kwa mguu, likawa linafungwa mchana na usiku. Mnyororo wake wa zamani ulikatwa na wezi. Basi Bwana Népomuscène, mkuu wetu wa karakana wakati ule na mpaka leo, alikuja kwenye mashine ya Twalibu, iliyokuwa kwenye tangi la mteja, akaufungua mnyororo, akaenda kuutia langoni.

Twalibu alimfuata hadi langoni. Nilikuwa ndani ya uwanja nikichomelea, niliwasikia kwa masikio yangu.

"Chef, ile ni ya perceuse," alisema Twalibu, maana ndivyo alivyoiita mashine yake ya kutobolea. "Mi siwezi tumika bila ile."

"Tumia kamba," Bwana Népomuscène alimjibu. "Lango ikibaki wazi, hata perceuse yenyewe hautaiona."

"Kamba si munyororo, chef. Inakatika."

"Mwenye tangi anangoja. We fanya kazi ama rudi kwako."

Hilo la lango nalielewa. Lilihitaji kufungwa, na tuliogopa sote. Lakini mtu anayeondoa mnyororo kwenye mashine na kuamuru mashine iendelee kufanya kazi amefanya uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na miaka minane haijaipunguza.

Twalibu alifunga kamba ya katani, akaizungusha mara nyingi, akafunga mafundo yote aliyoyajua. Alitoboa ubavu wa lile tangi siku mbili bila tatizo. Siku ya tatu asubuhi umeme ulikatika katikati ya tundu. Sumaku iliachia, kamba ikakatika kwenye ukingo wa chuma, na mashine ikamwangukia msaidizi wake Darius, aliyekuwa chini ameshika kopo la mafuta ya kupoozea. Ilimvunja mguu wa kulia chini ya goti. Twalibu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari, na damu ya Darius ilikuwa mpaka kwenye masharubu yake.

Kesho yake mwenye karakana alikuja kuuliza. Bwana Népomuscène alisimama mbele yetu akasema: "Twalibu hakufunga mnyororo." Basi. Hakuongeza neno, na neno lenyewe halikuwa la uongo. Sijawahi kuona kweli iliyotumiwa vibaya namna ile. Nilisema palepale kwamba mnyororo uko langoni, kila aliyeingia asubuhi ile ameupita. Niliambiwa nirudi kwenye kazi yangu. Darius naye alituma neno kutoka kitandani. Likajibiwa kwamba ana maumivu, hajui anachosema. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Twalibu alinyongwa, na haki hakupewa.

Aliondolewa kwenye mashine. Na wapi walimpeleka? Langoni. Walimpa ufunguo wa kufuli lililoning'inia kwenye mnyororo wake mwenyewe, aufungue mtu akiingia na kuufunga akishapita. Kama kuna mtu aliyeipanga adhabu hiyo kwa makusudi, basi ana moyo wa jiwe. Kama haikupangwa, ni mbaya zaidi, maana wakubwa walimtuma fundi langoni bila hata kutazama mkononi mwake kuna nini.

Tulidhani ataacha kazi. Nilimwambia mimi mwenyewe aache, yuko shemeji yake Shaabani mwenye gereji Buyenzi, angempokea. Alinijibu: "Mi nikienda, nani atabaki na munyororo yangu?" Nilidhani anatania. Lakini miaka yote hiyo aliupaka mafuta, akaufuta kwa kile kitambaa chake cha kanzu, akaukagua pete moja moja. Lango lenyewe limeliwa na kutu mpaka unaona barabara. Mnyororo haukushika kutu hata kidogo.

Lango alililinda vizuri, hilo nalikubali, ingawa sitaki limfunike. Siku risasi zilipolia upande wa mitaa ya Kinama na Carama na watu wakashuka mbio na vikapu vichwani, amri ilikuwa lango lisifunguliwe kwa yeyote. Alilifungua. Uwanja wetu ulijaa akina mama wa Carama na watoto wao, wakakaa kati ya mabomba mpaka mambo yalipotulia. Bwana Népomuscène alimfokea. Twalibu alimjibu kwamba akitaka kulifunga yeye, ufunguo huu hapa. Bwana Népomuscène hakuupokea.

Lakini mzigo mkubwa aliubeba Sikuzani, mkewe. Buyenzi ni mtaa wa mafundi, na neno la karakana hufika nyumbani kabla ya fundi mwenyewe. Amekaa miaka minane akisikia kisimani na arusini kwamba mume wake ni yule aliyemlemaza mwenzake kwa uzembe. Alinijia wiki mbili kabla ya sherehe. Hakutaka zawadi, hakutaka hotuba. "Jovithe," aliniambia, "waseme tu ile ya kweli mbele ya batu. Mara moja tu. Akitoka pale kama mulinzi, atakufa mulinzi."

Nilikwenda kwa Bwana Népomuscène. Alisema ni mambo ya zamani, nchi inatafuta amani, tusifukue. Na mimi naitaka amani, nimezika watu. Lakini amani ambayo inamtaka Twalibu peke yake anyamaze siielewi.

Basi siku ikafika. Viti vilipangwa ndani ya karakana, soda zikawekwa, Twalibu akaja na kanzu iliyopigwa pasi na Sikuzani pembeni yake. Bwana Népomuscène alisoma hotuba. Alimwita "mlinzi wetu mwaminifu" na kumkabidhi saa ya ukutani. Tulipiga makofi kwa adabu. Twalibu alipokea kwa mikono miwili, akakaa, akaishika ile saa magotini kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wengine. Sikuzani alikuwa anatazama chini.

Ndipo Darius aliposimama. Alikuwa ametoka kwake Gasenyi asubuhi na mapema, na hakuna aliyemwalika ila sisi. Hakuomba nafasi ya kusema. Alitembea na fimbo yake mpaka langoni, taratibu, sote tukimtazama. Alivuta mnyororo kutoka kwenye vyuma vya lango, pete kwa pete, akaubeba begani, akarudi nao mpaka mbele ya Twalibu. Uliacha alama ya mafuta kwenye shati lake jeupe.

"Twalibu, shika ya kwako," alisema. "Mi ndiye ilinivunja, mi ndiye ninajua. Siku ile munyororo ilikuwa pale." Akaonyesha lango kwa fimbo. "Na aliyeipeleka pale iko anakaa hapa."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja, maana vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Bwana Népomuscène alitazama karatasi ya hotuba yake kana kwamba jibu lingekuwemo.

Twalibu aliiweka saa ya ukutani juu ya kiti. Akakunja mikono ya kanzu. Mashine yake ingali ipo, na vijana wanaoitumia walikuwa wanaifunga kwa kamba mpaka siku ile, jambo ambalo jarida hili linaliandika ili lisomwe. Aliisukuma hadi kwenye boriti iliyosimama, akatoa kile kitambaa mfukoni, akafuta chuma, akafuta chini ya mguu wa sumaku, akaubandika, akabonyeza swichi ya sumaku. Akaupitisha mnyororo, akauvuta. Akaugonga kwa vifundo vya vidole, akasema Bismillahi.

Tulijibu sote kwa pamoja. Darius alijibu, vijana ambao hawakuwahi kumwona akifanya kazi walijibu, na Sikuzani alijibu kwa sauti kuliko sisi: "Imefungwa."

Twalibu alichomoa waya ukutani. Mashine ilishuka shibiri moja kwa kishindo, ikaning'inia.

Hapakuwa na hotuba nyingine. Mnyororo haukurudi langoni, na hautarudi, kwa kuwa vijana wameapa hawataiwasha mashine bila huo. Jioni ile lango lilibaki bila mlinzi na bila cha kulifungia, na wa mwisho kutoka alikuwa Bwana Népomuscène. Nilipogeuka barabarani nilimwona akilifunga kwa kamba ya katani. Alikuwa anazidisha mafundo.

Tunakushukuru, Mzee Twalibu, kwa kila tundu lililonyooka na kwa kila mguu wa mtu uliouokoa wakati ulipoachiwa kufanya kazi yako. Pumzika Buyenzi na Sikuzani, masharubu yako yawe salama, na saa yako iendelee kuwahi. Uende ukiwa na afya na heshima yako kamili, fundi wa kutoboa.