Historia ya Msomaji Prufu Aliyehitaji Kelele

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, mimi ni mtoto wa kaka yake, marehemu alikuwa shangazi yangu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Wengi mlimfahamu kwa muziki wake kabla hamjamfahamu yeye, na wapo waliodhani kwamba ile sauti ilikuwa dharau au utoto uliokataa kumtoka, kwa hiyo tunaomba mtusikilize hadi mwisho.

Shangazi alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba namba saba ya wafanyakazi wa reli, iliyochangia ukuta na karakana ya mabehewa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mfua vyuma katika karakana hiyo na mama yake fundi cherehani. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alilala fofofo siku sita za wiki, nyundo zikigonga upande wa pili wa ukuta, na Jumapili karakana ilipofungwa alilia kutwa nzima, hadi bibi alipogundua kwamba akikanyaga cherehani karibu na kitanda chake mtoto hunyamaza, na hivyo Jumapili nyingi za mwaka ule bibi alikaa akishona hewa.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, na kwa miaka miwili alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, akitazama dirishani, akiacha hesabu katikati, akisahau daftari mahali alipolishika dakika tano zilizopita. Tarehe 5 Machi 1970, akiwa darasa la tatu, darasa lake lilikuwa kwenye jaribio la hesabu arobaini mvua kubwa ilipoanza kupiga mabati, wenzake wakaziba masikio na kuweka kalamu chini, yeye akaandika mfululizo na kupata arobaini zote. Mwalimu wa hesabu, akiamini kwamba ameibia, alimrudishia jaribio lilelile kesho yake peke yake katika ofisi iliyofungwa mlango, akapata kumi na moja. Mwalimu yule hakumchapa, alikaa na zile karatasi mbili kwa siku kadhaa, kisha akahamisha dawati la Shangazi hadi dirisha la nyuma, lililotazamana na mashine ya kusaga nafaka, na hakuwaeleza watoto wengine sababu. Tangu wiki hiyo hadi anamaliza darasa la saba, Novemba 1974, Shangazi hakushuka chini ya nafasi ya tatu.

Alisoma sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha mafunzo ya uchapaji mwaka 1979 na 1980, na Jumatatu, tarehe 2 Februari 1981, aliajiriwa kuwa msomaji prufu katika kiwanda kilichochapa lebo na karatasi za maelekezo ya dawa, yaani yule anayesoma kila herufi na kila tarakimu kabla mtambo haujawashwa, na kutia saini kwamba hakuna kosa. Meza yake ilikuwa hatua nne kutoka kwenye mitambo, alisoma mitambo ikinguruma, na kwa miaka kumi na miwili hapakupita kosa lolote lenye saini yake.

Mwaka 1986 alipeleka redio yake kwa fundi redio wa mtaa wa soko kwa mara ya nne, spika ikiwa imepasuka kwa mara ya nne, na fundi huyo akamwuliza, "Dada, kwani nyumbani kwenu kuna viziwi wangapi?" Shangazi akamjibu, "Wote wazima, wanatamani wangekuwa viziwi." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba mwaka huohuo, na wakajaliwa watoto wawili, wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1987 na sasa ni fundi umeme, wa pili, wa kike, alizaliwa tarehe 2 Mei 1991 na sasa ni mwalimu.

Agosti 1993 kiwanda kilijenga chumba kipya cha wasomaji, chenye zulia na madirisha ya vioo viwili, ili wapate utulivu. Ndani ya miezi mitano Shangazi alipitisha makosa sita, akapewa barua mbili za onyo, na akajua kwamba ya tatu ingekuwa ya kumwachisha kazi. Alimweleza baba yangu, kaka yake, kwamba akiwa katika chumba kile anausikia mkono wa saa, anasikia jirani akimeza mate, na kila sauti ndogo inamvuta kwa kamba yake, hadi mstari unamtoroka. Mumewe ndiye aliyemtengenezea hedifoni kutokana na spika za redio mbili kuukuu, akarekodi kaseti moja ya muziki wa bendi wenye tarumbeta nyingi, na Shangazi akaenda kwa meneja kuomba mwezi mmoja wa majaribio. Meneja alimwambia, "Hapa tunasoma, mama, hatuchezi harusi," lakini akampa huo mwezi, na mwezi ulipoisha bila kosa hakumwuliza tena. Wenzake wakamwita Bi Tarumbeta, jina alilolipenda kuliko lake, na ilikuwa ajabu kumtazama, mwili mzima umetulia kama maji ndani ya mtungi, kalamu nyekundu ikitembea, na muziki unasikika hadi meza ya tatu.

Mumewe alifariki tarehe 27 Machi 1999. Shangazi alirudi kazini Jumatatu, tarehe 12 Aprili, akakuta wenzake wamekubaliana kumpa heshima, wameshusha sauti zao, wamezima redio ya chumba cha chai, na msimamizi wake, aliyempenda kama mdogo wake, ameziweka hedifoni zile kwenye kabati, kwa kuona kwamba si vizuri mjane kukaa na tarumbeta masikioni, tena kwenye kitu alichokitengeneza marehemu mumewe. Shangazi aliuona upendo ule, akaona haya kuukataa, akasoma katika ukimya kwa siku kumi.

Jumamosi, tarehe 24 Aprili, saa nane mchana, akiwa nyumbani anafua na redio ikiwa juu kabisa, karatasi aliyoisoma Jumatano iliyopita ilimrudia, ukurasa mzima, safu mbili, kama imeanikwa mbele yake kwenye kamba ya nguo, na katika safu ya pili, mstari wa sita, akasoma kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kijiko kimoja na nusu cha dawa ya kikohozi, mahali palipotakiwa kuwa nusu kijiko. Aliacha nguo kwenye beseni akaenda kiwandani na mikono yake ina povu. Lori lilikuwa linapakiwa, na mtunza stoo akamwambia, "Lakini dada, hii saini si yako?" naye akajibu, "Ni yangu, ndiyo maana nimekuja mwenyewe, shusheni." Walifungua katoni moja, kisha nyingine, na ilikuwa safu ya pili, mstari wa sita, katika karatasi elfu themanini, ambazo hata moja haikuwa imetoka getini.

Meneja alipofika alimwuliza ilikuwaje, na Shangazi, aliyeamini kwamba hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kazini, alisema, "Chumba kilikuwa kimya mno, sikusikia nilichokuwa nasoma." Msimamizi wake akaanza kulia, akasema, "Sisi tulikuwa tunakuheshimu," naye akamwambia, "Najua, dada, na mimi nilikuwa nawaheshimu, angalia tumefika wapi." Hakuachishwa kazi. Alizirudisha hedifoni kichwani Jumatatu iliyofuata, na alistaafu tarehe 14 Machi 2021, baada ya miaka arobaini, mwezi mmoja na siku kumi na mbili, bila kosa jingine.

Mwaka 2019 alimsindikiza mjukuu wake wa miaka saba kwa daktari bingwa, kwa sababu ya shida za umakini darasani, na daktari alipokuwa anaeleza dalili moja baada ya nyingine, Shangazi akamkatiza, "Samahani daktari, huyo unayemweleza ni mimi." Alipimwa akiwa na miaka hamsini na minane, na daktari akamwambia kwamba alizaliwa na ubongo ulioumbwa kwa namna yake, wenye njaa ya kusikia, usipolishwa unatoka kwenda kujitafutia, na kwamba wapo wenye hali kama yake ambao muziki huohuo ungewatesa, kwa hiyo asimfungulie mjukuu tarumbeta kabla hajamwuliza. Alirudi nyumbani akicheka, akasema amemaliza kazi kabla hajapata maelekezo yake.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023, na tarehe 3 Juni 2024 alilazwa. Kuanzia tarehe 10, hali ilipozidi, sisi familia tuliomba chumba cha peke yake, tukafunga dirisha, tukazima simu, tukanong'ona. Akaacha kutujibu, akawa anavuta shuka, anamwita mwanawe kwa jina la baba yangu, anaanza sentensi na kuiacha, na kufikia tarehe 13 tulikuwa tumeanza kuambiana koridoni kwamba akili imeondoka, imebaki pumzi.

Tarehe 14 alikuja kumwona yule msimamizi wake wa zamani, sasa ana miaka sabini na tisa, akasimama mlangoni, akasema, "Chumba hiki nakijua." Hakutuomba ruhusa. Alifungua dirisha la upande wa barabara, akachukua simu ya mtoto wa marehemu, akatafuta muziki wa bendi, akaweka sauti hadi mwisho. Sijui kueleza nilichokiona, ninaweza tu kutaja saa, ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alipofungua dirisha, na saa tisa na dakika ishirini na sita Shangazi alifumbua macho, akatutazama mmoja mmoja, akatutaja kila mtu kwa jina lake, kisha akanigeukia, "Na wewe mwenye wasiwasi, historia yangu umeshaiandika, usinidanganye, itoe." Ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu Jumanne. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona, lakini nilimpa, pamoja na kalamu.

Aliisoma kwa saa moja na nusu. Alisahihisha mahali kumi na saba, pamoja na siku ya wiki aliyozaliwa, na pale nilipoandika kwamba alikuwa mpole na mnyenyekevu alipiga mstari, akaandika pembeni, "Nani huyu?" Habari ya zile karatasi elfu themanini familia tulikuwa tumeiacha, tukidhani tunamsitiri, na yeye aliandika chini ya mwaka 1999, kwa herufi kubwa, "RUDISHENI KOSA LANGU," nasi tukairudisha, akaikagua mwenyewe. Alituachia siku tano za mazungumzo na vicheko ambazo tulikuwa tumekwisha kuzizika, na alifariki Jumatano, tarehe 19 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, dirisha likiwa wazi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi mitatu na siku tano.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi wa wodi ile, waliokubali kufanya kazi yao katika kelele, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani, hasa dada yake wa kabati na wa dirisha, tunamshukuru jirani wa mlango wa pili, aliyekuja kulalamika mara mbili tangu mwaka 2001 na mara ya tatu akaja kuuliza jina la bendi.

Shangazi, kuanzia pale tulipofunga dirisha hadi hapa hujapasoma, hakuna mwingine aliyepakagua ila mimi, na kama kuna kosa, saini ni yangu. Pumzika, hatutakupunguzia sauti.