Bomba Nililolisugua

Mheshimiwa Diwani wetu wa Gungu, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, Bi Mwanakombo mama mzazi wa msafiri, nanyi ndugu wageni waalikwa: wakubwa shikamooni, na wadogo marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni Honorata, mwalimu wa fizikia. Nimeombwa nimuage Mwalimu Yusra, niliyetumia naye maabara moja miaka sita, anayekwenda ng'ambo kwa nafasi ambayo hata mimi niliiomba. Nafasi ilikuwa moja. Mnaniona natabasamu, lakini wivu ninao, tena wa kuwagawia.

Mtauliza, anakwenda kufanya nini? Wataalamu wanataka kuunganisha viini vya atomu ili wapate umeme. Kuni za moto huo ni pamoja na tritiamu, gesi ya ukoo wa hidrojeni yenye mionzi, ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa chuma uliopata moto. Nani ataizuia isitoroke? Yusra wa Ujiji, ambaye hata chai humwagia daftari za wanafunzi.

Sisi wawili, kwa majaribio, tulijaza hidrojeni ya kawaida kwenye mabomba membamba ya chuma, tukayapasha moto, tukatazama geji ya presha. Langu lilipoteza gesi kila mara. Tuliolelewa tukiosha vyombo ziwani tunajua kwamba sufuria ya aliyefunzwa hung'aa, kwa hiyo nililisugua kwa mchanga mpaka nikajiona uso. Yusra aliliacha lake na utando mweusi wa tanuri. Nikamwita mchafu, na geji yake haikutikisika.

Kikulacho ki nguoni mwako, na leo kimeshika kipaza sauti. Siku wafadhili wa nafasi hiyo walipokuja kutupima, asubuhi kabla hawajafika nililichukua bomba la Yusra nikalisugua, kwa wivu mtupu. Mshale wa geji ukashuka mbele yao, nami nikafurahi kama dakika mbili. Yusra akalitazama bomba linavyong'aa, akanitazama mimi, kisha akawaambia wageni, "Mmeona? Utando umeondoka, gesi imetoka. Kumbe mlinzi alikuwa utando huo."

Nafasi wakampa yeye.

Nilidhani hakujua ni nani. Juzi nimesoma ripoti yake, na kwenye shukrani ameandika: "Kusugua bomba: Mwalimu Honorata."

Mdogo wangu, hukunisema kwa mtu, basi nimejisema. Nisamehe. Wivu haujaisha, sitadanganya mbele ya mama yako. Zawadi yangu ni sufuria ya jikoni kwangu, na kwa mara ya kwanza maishani sijaisugua.

Asanteni nyote kwa kunivumilia mpaka hapa.