Shangazi wa Dirisha la Pili na Viza ya Kupita

Jarida hili limenyamaza tangu ofisi ilipohamia ghorofa ya chini, na kwa kimya hicho kirefu tunawaomba wasomaji radhi. Tunarudi na habari ya furaha iliyochanganyika na wasiwasi kidogo: baada ya miaka ishirini na saba ya kukata tiketi katika ofisi yetu ya safari, Shangazi wa dirisha la pili anastaafu tarehe thelathini mwezi huu.

Alikuja nchi hii akiwa mgeni, kama walivyo wengi wa wateja wetu. Alianza kwa kupokea simu, kisha akakabidhiwa dirisha la pili. Wakubwa walipotaka kumpandisha cheo awe msimamizi, alishukuru kwa adabu, akarudi kitini pake.

Wateja wetu wana kosa lao. Mtu aliyekaa ugenini miaka mingi, mwenye kazi na watoto shuleni, husahau kwamba pasi yake bado ni ya kwao. Humwona jirani yake mzalia akibadilisha ndege katika kiwanja fulani bila kuulizwa neno, naye hudhani atapita vivyo hivyo. Shangazi hakumkatia mtu tiketi kabla ya kumwambia: "Baba, sikuulizi unaishi wapi. Pasi yako ni ya wapi, na ndege inatua wapi njiani?"

Wenye safari ya kwanza aliwafanyisha mazoezi. Alivaa miwani, akakunja uso, akawa afisa wa uhamiaji. Babu mmoja, fundi cherehani, alichukizwa hata akatangaza kwamba haendi tena kwenye nchi yenye maafisa wakorofi namna hiyo. Ilibidi akumbushwe kwamba bado yumo ofisini mwetu.

Sasa zamu ni ya Shangazi mwenyewe. Bintiye, anayeishi ng'ambo, atajifungua mtoto wa kwanza mwezi ujao, na Shangazi ameahidi kuwapo. Viza ya kumtembelea anayo. Lakini hakuna ndege ya moja kwa moja, na kiwanja cha katikati huwapitisha bila viza wale wageni tu wenye kibali halali cha ukaazi wa nchi hii. Kibali chake kilitegemea ajira. Kinakoma siku anayostaafu. Ameomba viza ya kupita, na jibu halijatoka.

Juma lililopita wenzake walimkalisha upande wa wateja, dereva wetu akawa afisa.

"Mama, unakwenda kufanya nini huko?" akanguruma.

"Kumbeba mjukuu. Na usinicheleweshe, mwanangu, mtoto hangoji foleni."

Dereva akashindwa kuendelea kununa. Akagonga meza kwa ngumi kama anayepiga muhuri: "Pita, Shangazi, pita!" Ofisi nzima ikapiga makofi, wateja nao.

Shangazi, tunakushukuru. Wako waliowahi harusi za ndugu zao, na waliowahi kumwuguza mzazi, kwa sababu uliwauliza swali moja kabla hawajafunga mizigo. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi usiokatizwa na simu za wateja, na mjukuu mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Nanyi wasomaji, uamuzi ukitoka tutawaandikia. Ukiwa wa kukataa, tutaeleza ni njia gani nyingine anayoijaribu, maana sanduku ameshalifunga na hakusudii kulifungua. Ukiwa wa kukubali, tutaandika pia uzito wa mtoto.