Watoto Wanaolaza Shavu Jiweni

RISALA YA UMOJA WA WAZAZI WA KITONGOJI CHA KUMWAMBA KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUHAMASISHA BIMA YA AFYA YA WATOTO, BUTIAMA

Mgeni rasmi, Mheshimiwa,
Viongozi mlioongozana naye,
Wazazi wenzetu,

Sisi wazazi wa Kumwamba, kitongoji kilichoko mgongoni mwa kilima cha Mwitongo, tunakukaribisha. Tumeona gari lako lilivyosukumwa pale kwenye kivuko. Tunakupa pole kwa tope, na tunakushukuru kwamba hukugeuza. Viti mlivyokalia tumeviazima kanisani, na chakula kiko jikoni. Tunaomba utusikilize mpaka mwisho.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, tulipoambiwa kwamba bima ya afya itakuwa ya kila mtu, hatukusubiri kusukumwa. Wengine waliuza mihogo, wengine mbuzi, tukajiandikisha pamoja na watoto wetu. Tangu hapo mama anajifungua bila kuhangaikia gharama, na mtoto mwenye malaria anapata dawa siku hiyohiyo. Haya tunayasema kwanza, na tunayasema kwa moyo, ili yanayofuata yasionekane kuwa maneno ya watu wasio na shukrani.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo ina jina. Inaitwa Rhobi. Mama yake ni Matrida, mke wa Mugeta mfugaji. Alitaka kuisoma sehemu hii mwenyewe, lakini kila alipojaribu sauti ilimkatikia. Ametuomba tuisome kama alivyotusimulia.

Ilikuwa kiangazi. Matrida alirudi kutoka shambani mchana na kukuta nyumba kimya. Rhobi, binti yake wa miaka saba, hakuwepo. Akaita. Akaenda kwa jirani, huko nako watoto hawakuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapa akitokea Manyamanyama, alitambua kwamba hasikii sauti ya mtoto hata mmoja kitongoji kizima.

Akafuata njia ya mlimani. Kule juu kuna jiwe lenye urefu wa kanisa, ambalo upande wake mmoja haupigwi na jua mwaka mzima. Ndipo alipowaona. Watoto walikuwa wamesimama wamejipanga kandokando ya jiwe, kila mmoja amelaza shavu juu yake, macho wazi. Hawakuwa wanacheza. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

"Rhobi! Mnafanya nini hapa?"

"Jino, mama." Mtoto hakuinua shavu. "Jiwe linalivuta."

"Linavuta nini?"

"Maumivu. Linayamezaga. Likishashiba linaniitaga jina."

Matrida alimshika mkono akamvuta. Anasema shavu lilitoka taratibu, kama kitu kilichokuwa kimegandishwa. Pale lilipokuwa, jiwe lilikuwa na kishimo laini kama kisahani, kinacholingana na uso wa mtoto. Akatazama pembeni akaona vingine, vingi, vyote kwenye kimo cha watoto. Vingine vilikuwa chini sana, nusu vimefukiwa na udongo, vya watoto waliosimama pale wakati ardhi ilikuwa bado haijapanda.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Nyamburi, akimenya mihogo.

"Mama, watoto wanafuata nini kwenye lile jiwe?"

"Watoto wanaoumwa jino huwaga wanaenda," Nyamburi alisema, kisu kikiendelea na kazi. "Hata baba yake Rhobi alikuwaga anaenda."

"Halafu?"

"Halafu wanaacha."

"Wakipona?"

Nyamburi akainua macho. "Wanaacha, Matrida. Nimekwambia wanaacha."

Kesho yake Matrida alimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi alimulika mdomoni kwa tochi ya simu, akaona jino la nyuma limetoboka na ufizi umevimba. Alisikitika kweli. Hakuwa na kifaa cha meno, wala hajawahi kuwa nacho. Alitoa dawa ya maumivu akamwambia, "Mama Rhobi, usikae na hili. Nenda Musoma."

Walikwenda. Katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, Matrida alipitisha kadi ya bima dirishani. Dada aliyekuwa pale alikuwa na lugha nzuri, hilo tunalishuhudia.

"Ana miaka mingapi, mama?"

"Saba."

"Hilo ni jino la utoto. La utoto halimo kwenye kitita chake cha bima. Litang'oka lenyewe, usiwe na wasiwasi."

"Lakini angalia shavu lake."

"Naliona, mama. Kama ni taslimu, nenda dirisha lile."

Matrida hakuwa na taslimu. Ndiyo maana alikuwa na kadi.

Mheshimiwa, hatujui kama sheria inasema hivyo au ni yule dada aliyeielewa hivyo. Tumeuliza baada ya hapo, na kila tuliyemuuliza ametupa jibu lake.

Dada yake Matrida, Jeska, ameolewa Makoko, ufukweni palepale Musoma. Walikwenda kulala kwake, wakitumaini mume wake akirudi kutoka ziwani atakopesha chochote. Kulipokucha Rhobi alikunywa uji kwa shida. Jua lilipopanda, wale wakubwa wakiwa uani wanazungumza, mtoto alitoweka.

Rhobi alikuwa hajawahi kufika Makoko. Alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Lakini walimkuta nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye mwamba unaolambwa na maji, amelaza shavu. Walikuwepo na watoto wengine ambao hakuwa anawajua, nao wamelaza mashavu, mawimbi yakiwalowesha miguu bila wao kujali.

"Hao ni watoto wa hapa," Jeska alisema. "Huwaga wanacheza hapo."

"Dada, hebu tazama. Hawachezi."

Jeska alisogea. Kwa miaka yote aliyoishi pale alikuwa akianika dagaa juu ya mwamba ule, na hakuwahi kuinama kuutazama ubavuni. Vile visahani vilikuwepo. Alirudi nyuma akaziba mdomo kwa khanga. Dagaa sasa anaanika kwingine.

Matrida alipiga magoti kando ya mwanawe. "Mwanangu, nani amekuleta huku?"

"Ni lilelile, mama," Rhobi alisema kwa shida, kwa sababu mdomo ulikuwa haufunguki tena vizuri. "Limejua nimekuja."

Jioni ile uvimbe ulishuka shingoni. Mtoto akashindwa kumeza hata mate. Walimkimbiza hospitali ileile, na safari hii hawakuelekezwa dirishani. Walipokelewa mlangoni kwa machela. "Hii ni dharura," daktari alisema, "leteni kadi." Kadi ikakubali. Ikakubali dripu, ikakubali sindano, ikakubali hewa ya oksijeni, ikakubali chumba cha upasuaji kiandaliwe. Muuguzi alimweleza Matrida kwamba usaha wa jino umeshuka na unaziba koo. Kila kitu kilikuwemo.

Rhobi alifariki alfajiri, kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Matrida alikuwa amemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Baada ya kuzika, Mugeta alichukua nyundo ya kupasulia mawe akapanda mlimani. Wengi wetu tulimfuata. Watoto walikuwepo kama kawaida, tukawasogeza mbali. Alipiga kwa nguvu zake zote. Jiwe halikupata hata ufa. Lakini watoto wale, waliokuwa mbali naye, walipiga yowe pamoja wakashika mashavu. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hakujua tuko mlimani, alituambia baadaye kwamba mchana huo darasa lake lote lililia kwa pamoja, kisha likanyamaza. Mugeta aliiacha nyundo palepale. Hakuna aliyekwenda kuichukua.

Mheshimiwa, tunajua jinsi maneno haya yanavyosikika mbele ya watu wa ofisini. Hatukutumwa kuyafafanua. Tumesema tuliyoyaona.

MAOMBI

Tunaomba meno ya mtoto, yakiwemo ya utoto, yaandikwe waziwazi kwenye kitita, na maandishi hayo yabandikwe kila dirisha la bima, ili mama asitegemee jinsi mtu alivyoelewa. Mtoto haumwi kidogo kwa sababu jino lake ni la muda.

Tunaomba pia mtaalamu wa meno mwenye vifaa afike zahanati yetu, hata kama ni kwa zamu na vitongoji vingine.

Lipo ombi la tatu. Kwenye kikao chetu tulikubaliana kukuomba baruti, jiwe lipasuliwe liwe kokoto za barabara ile iliyokusumbua. Lilikuwa ndilo ombi la kwanza. Matrida akasimama. Alituambia kwamba siku moja mchana alikwenda peke yake, akapiga magoti, akalaza shavu pale Rhobi alipokuwa akilaza lake.

Mwenyekiti wetu, mzee Paschal, akamuuliza, "Ulisikia nini, mama?"

"Sikusikia jina langu," alisema. "Ulikuwa ubaridi tu. Ulipanda kwenye taya, ukaingia kichwani, na kila kinachoniuma kikanyamaza. Nilikaa mpaka jua likazama. Nikajua kwa nini alikuwa hataki nimtoe." Akatutazama mmoja mmoja. "Mkilipasua leo, kesho mtoto mwenye jino atakwenda wapi?"

Basi ombi la baruti tumelifuta. Badala yake tunakuomba, Mheshimiwa, uzuie mtu yeyote asiliguse jiwe lile mpaka daktari wa meno awe amefika na kukaa. Akishafika, tutalipasua wenyewe, kwa mikono yetu.

Mgeni rasmi, ratiba inasema kwamba baada ya risala hii utasalimiana na watoto. Tuliwapanga asubuhi kwenye mabenchi haya ya mbele, wamevaa sare, wameoga. Tunaomba radhi kwamba mabenchi sasa ni matupu. Hawakufukuzwa na mtu. Ni kwamba jua limefika utosini. Ukitaka kuwasalimia, tuko tayari kukusindikiza mlimani, si mbali. Tunakusihi tu usiwaite kwa sauti.

Mungu akufikishe nyumbani salama, awape usingizi wanao na wanetu, na atie neno hili moyoni mwako lisitoke mpaka limetendwa.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Kumwamba,
Butiama, Mara.