Fundi Aliyeandika "Hakuna"

Kok. Kok. Kok.

Wasikilizaji wapendwa, huo ni mlio wa nyundo ndogo ya fundi viatu. Alfajiri moja, kabla hakujapambazuka, mlio huo ulimwamsha karani mmoja wa ofisi ya jiji. Alikuwa amelala mkekani, nyumbani kwa baba yake mkubwa, alikolelewa tangu ana miaka sita. Akatabasamu gizani. Baba mkubwa ameshaamka, akawaza.

Kisha akakumbuka. Baba mkubwa walimzika juzi.

Leo tunamkumbuka fundi huyo. Mtaani walimwita Kiatu Kimoja. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa mpatanishi. Yashikeni hayo mawili, maana kwake hayakuachana hata siku moja.

Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, kati ya duka la nafaka na kinyozi. Akisikia sauti zimepanda, alichukua begi lake la sindano na uzi, akaenda. Hakuhubiri. Alimtazama mwenye hasira miguuni.

"Ndugu yangu, soli imeachia hiyo. Vua nikushonee."

"Mzee, nipishe! Sina muda wa viatu mimi!"

"Sasa utampigaje mtu na kiatu hicho? Utateleza, wakucheke mtaa mzima. Vua, bure."

Na mtu huvua. Mwenye kiatu kimoja haendi mbali, wapendwa. Anakaa chini. Fundi anashona, tena polepole, na yule mtu anaanza kueleza. Kinyozi aliwahi kusema, "Kiatu, huyu mzee anakishona kwa dakika tano. Ugomvi ndio unamchukua saa nzima."

Lakini sikilizeni hapa. Fundi hakwenda peke yake. Walikwenda wawili. Mwenzake alikuwa kondakta wa basi aliyestaafu, mwenye sauti ya kuita abiria wa mtaa wa pili. Fundi alikaa na mgomvi huyu, kondakta alikaa na yule. Kila mgomvi na mtu wake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yao, na hawakuivunja.

Jiji lilikuwa na fungu la kuzuia vurugu mitaani. Fungu hilo ndilo lililowalipa posho wapatanishi kama hawa. Halikuwatajirisha. Lilimwezesha kondakta kushinda mtaani badala ya kutafuta kibarua.

Kila mwezi walijaza fomu. Fomu iliuliza: mapigano mangapi yametokea? Majeruhi wangapi? Fundi aliandika kwa mwandiko wake wa duara: Hakuna. Mwezi uliofuata: Hakuna. Miezi kumi na minne mfululizo, Hakuna.

"Alikuwa anaandika huku anacheka peke yake," mkewe anasema. "Utadhani mtoto kapata mia kwa mia."

Fomu hizo zilifika mezani kwa yule karani. Ndiye aliyezikusanya na kuzisoma mbele ya kamati ya bajeti. Mwaka jana alizisoma zote. Alipofika mtaa wa baba yake mkubwa, akasoma: Hakuna. Hakuna. Hakuna.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa hawa tunawalipa kwa kazi gani? Mtaa umetulia wenyewe. Fungu lipelekwe kwenye vurugu." Akatazama huku na huku. "Kuna mwenye la kusema?"

Karani alikuwa nalo. Aliujua mtaa ule kabla ya wapatanishi. Alijua majina ya waliouawa pale kwa visu, na mmoja alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Katika chumba kile, yeye peke yake alijua kwamba ile Hakuna ilitafutwa kwa jasho, kila siku, kiatu kwa kiatu. Fomu haikuwa na nafasi ya kuandika jambo ambalo halikutokea. Mdomo wake ulikuwa nayo.

Lakini wiki ile ile ofisi ilikuwa imemfukuza karani mwenzake kwa kuwapendelea ndugu. Akawaza: wakijua fundi ni baba yangu mkubwa, nitasemwa. Akainamisha kichwa. Akamimina maji kwenye glasi ambayo ilikuwa imejaa.

Alinyamaza, wapendwa. Hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu.

Barua ya kusitisha posho aliipiga yeye, na aliipeleka kwa mkono wake. Fundi aliisoma mara mbili pale kibandani.

"Barua nzuri. Nani kaipiga?"

"Mimi, baba mkubwa."

"Ndiyo maana haina kosa hata moja." Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Kisha akacheka. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiji letu linalipa wajenga ukuta, mwanangu. Mziba ufa hana fungu. Umekula lakini?"

Umekula lakini. Maneno hayo ndiyo yanayomchoma karani mpaka leo. Angegombezwa, angelala.

Kondakta alipata kazi ya ulinzi upande wa pili wa jiji. Aliaga kwa machozi. "Usiende peke yako, mzee," alimwambia. "Wakianza, nipigie simu, nitakuja."

"Utakuja na nini, ungo?"

Wakacheka. Lakini fundi aliendelea peke yake, mwezi baada ya mwezi.

Siku ile ilikuwa mchana, sokoni, kwenye nguo za mitumba. Wauzaji wawili waligombea nafasi ya meza. Fundi alifika akiwa peke yake. Akamwahi mmoja. "Vua, soli imeachia." Yule akavua, akakaa, hasira ikaanza kushuka. Lakini yule wa pili hakuwa na mtu. Hakuna aliyekaa naye. Hakuna aliyemwuliza umekula. Akazunguka nyuma ya mafurushi, akarudi na bomba la chuma, akimtaka yule aliyekaa. Fundi alimwona akija. Akasimama katikati, kiatu cha watu mkononi, na bomba likampata yeye.

Alifariki hospitalini siku ya pili. Mwenye kiatu alisalimika. Aliyepiga yuko mikononi mwa sheria. Wanasema analia kutwa.

Sasa turudi kwenye ile nyundo ya alfajiri.

Karani aliinuka mkekani, akafuata mlio mpaka jikoni. Mama yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha marehemu, taa ndogo pembeni, kiatu kimoja mapajani. Ni kile kiatu. Hospitali walikirudisha pamoja na nguo, kikiwa kimeshonwa nusu.

"Nimekuamsha, mwanangu? Kulikuwa kumebaki upande mmoja tu. Hakupenda kuacha kazi nusu."

Mficha uchi hazai. Karani akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akasema yote. Kamati. Swali la mwenyekiti. Glasi ya maji. "Nilijua, mama mkubwa. Siwezi kusema sikujua. Nilijua, nikanyamaza. Ningesema, kondakta angekuwepo."

 Mama mkubwa alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Nje jogoo aliwika, mwingine akamjibu.

Wasikilizaji wapendwa, karani ameshaiandikia kamati. Ameeleza udugu wake, ameeleza ukimya wake, na ameomba fungu lirudi na fomu ibadilishwe. Majibu hayajatoka. Huenda akapoteza kazi. Haya nimeyasema kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu, anasema, safari hii anataka yasikike.

Tunampa pole mjane wa fundi. Tunampa pole kondakta, ambaye kila jioni huja kukaa mbele ya kibanda kilichofungwa. Tunampa pole karani pia. Pole haifuti kosa, lakini mwenye kosa naye amefiwa.

Nasi tujiulize. Mtaa wako ukiwa kimya leo, ni nani aliyeamka mapema kuutuliza? Umewahi kumshukuru? Na ulipoulizwa kama una la kusema, ulisema?

Asubuhi ile, kulipopambazuka, mama mkubwa alikifuta kiatu kwa kanga yake. Akakitia kwenye mfuko, akamkabidhi karani, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Mwenyewe yupo pale pale sokoni. Anaona aibu kuja, nasikia anatembea na ndara. Mpelekee."

"Nitampelekea, mama mkubwa."

"Mwangalie akikivaa. Mwambie atembee kidogo." Akaikusanya misumari iliyobaki, mmoja mmoja. "Halafu uje tena, uniambie kama kimemkaa."